Kitanda cha Hawachoki

Wamevunja karakana ya babu. Sikuambiwa na mtu, nimepita mwenyewe nikakuta kijiko, ule mtambo wa kubomolea, kinasukuma ukuta wa mwisho, na kibao kimeshasimamishwa kwamba hapa zinajengwa fremu za maduka. Nilishuka kwenye bodaboda nikamgombeza dereva wa kijiko. Nilimgombeza vizuri tu wala sijutii, ingawa kaka wa watu alikuwa anafanya kazi aliyotumwa, na alizima injini akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akaniuliza, "Dada, ni kwenu hapa?" Kiwanja kiliuzwa zamani, na babu mwenyewe tumeshamzika. Halafu upepo ukanyanyua vumbi la pale chini, ule udongo ulioshindiliwa maranda miaka na miaka, na harufu ya mninga ikanipiga usoni. Nikanyamaza. Wanaonijua wanajua kwamba mimi kunyamaza ni habari ya kutangazwa redioni.

Mninga ukipigwa randa unanukia kitu cha kuliwa, na asije mtu akanibishia. Nimekulia ndani ya harufu hiyo. Nyie mliokua na mimi enzi za simu za tochi mna harufu zenu, wengine chapati, wengine mafuta ya taa. Yangu ni hiyo. Na nikiinusa simkumbuki babu kwanza, Mungu anisamehe. Namkumbuka mbwa.

Mama alikuwa Igalula anauza chakula stesheni, treni ikisimama anakimbia na beseni kichwani. Mimi nikaletwa Tabora mjini, Ng'ambo, kwa babu na bibi, ili nisome. Nilisoma kidogo na kugombana sana. Nikitoka shule nakaa karakana. Babu alikuwa fundi wa vitanda, yeye na Fundi Hamisi, mtu mzima mwenye watoto wake lakini utani wake ulikuwa wa darasa la tatu. Kazi yangu mimi ilikuwa kufagia maranda. Futi, msumeno na randa sikuruhusiwa kugusa. Nilikuwa nafagia macho yapo juu, naangalia mikono ya babu, na kila nilichojua kuhusu mbao nilikijua hivyo, kwa kuiba.

Kitu kimoja nilikielewa vibaya kwa miaka. Mteja akija hasemi yeye ni mrefu au mfupi, mnene au mwembamba. Anasema, "Tano kwa sita." Akiwa kijana ndio anaanza maisha, "Tatu na nusu kwa sita." Akiwa na biashara inayokwenda na mke mpya, "Sita kwa sita, fundi, na droo pembeni." Basi nikaamini kitanda ni cheo. Unazaliwa unapewa mkeka, unapanda polepole kama askari anavyopandishwa nyota, na ukifika sita kwa sita umemaliza, unasubiri kwenda peponi. Bibi na babu walilala tano kwa sita. Nilikuwa nawaonea huruma kwa ile futi moja iliyobaki.

Mwaka mmoja mbao zikaanza kutembea. Unafunga karakana jioni zipo ishirini, asubuhi zipo kumi na saba. Babu akamlalamikia Mzee Maganga, mzee wa Sikonge aliyekuwa anatuletea mbao na asali kwa lori la kukodi. Mzee Maganga akasema, "Nitawaazima askari." Safari iliyofuata akaja naye. Lori limesimama, vumbi limetulia, nikamwona amesimama juu ya mbao katikati ya madumu ya asali, rangi ya udongo wa matofali, miguu mirefu, sikio moja limekatika ncha, nyuki wawili watatu wanamzunguka kichwani na yeye hana habari nao.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Hawachoki."

"Nani hawachoki?"

"Majirani zangu," akasema Mzee Maganga. "Nilipoongeza mizinga walisema. Nilipooa wa pili walisema. Nilipoezeka bati wakasema zaidi. Sasa jioni nasimama kwenye kona ya uzio naita mbwa wangu: Hawachoki! Hawachokiii! Wenyewe wanasikia. Nani atanikataza kumwita mbwa wangu?"

Fundi Hamisi alicheka mpaka akaweka msumeno chini. Babu hakucheka. Alisema, "Alinde kiwanja. Ndani kwangu asiingie." Sisi ni watu wa kuswali, na mate ya mbwa yana sheria yake. Lakini mimi wakati ule sikuijua hiyo sheria, na hapo ndipo nilipojidanganya vibaya sana.

Ilikuwa hivi. Siku ya pili tu Hawachoki alikuta sufuria la bibi bombani akalilamba. Bibi akaliosha. Akaliosha tena. Akachota udongo akalisugua, akaosha tena na tena. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nahesabu: mara saba. Sahani yangu mimi ilioshwa mara moja, siku nyingine kwa maji yaliyosuuziwa vikombe. Nikafikiri, ala, kumbe bibi anampenda huyu mbwa kuliko sisi wote humu ndani! Niliona wivu siku nzima. Kisha wivu ukageuka, nikaona fahari. Nilimfuata Hawachoki nyuma ya mbao nikamwambia sikioni, kwenye lile sikio zima, "Hapa umefika. Bibi ni wako."

Wezi hawakuja tena. Hata kubweka alikuwa habweki ovyo. Alikuwa anasimama tu getini anakutazama, unakumbuka una shughuli kwingine. Mchana alilala. Na hapo ndipo palikuwa na tatizo. Asubuhi alilala kwenye maranda chini ya benchi la babu, kwenye miguu yake kabisa, na babu akawa anafanya kazi amesimama mguu mmoja kama korongo ili asiguswe na ulimi. Jua likiwa kali alihama, akapanda juu ya mbao zilizopangwa, kwenye ubaridi, akajinyoosha, ulimi nje.

Jumatatu moja akaja ustadhi wa madrasa. Alikuwa ameagiza vitanda vya watoto wa bweni. Mtu mpole, hana neno na mtu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, ustadhi. Karibu."

"Hizi ndizo mbao za watoto?"

"Ndizo zenyewe."

"Mashallah." Akatazama. "Na huyu aliyelala juu yake?"

Tone la mate lilikuwa linaning'inia kwenye ulimi wa Hawachoki. Sote tulilitazama, mimi, babu, Hamisi na ustadhi, likadondoka.

Babu alizitoa zile mbao zote juani akaziosha mwenyewe, mara saba, moja kwa udongo, na mgongo wake ule wa uzee. Mbao zilizokuwa zimekaushwa miezi. Mwisho akaketi juu ya ndoo, shati limelowa, akaniita. Babu yangu alikuwa ananiita mke wangu, na bibi ananiita mke mwenzangu, ndivyo tulivyoishi, kwa utani.

"Mke wangu," akasema, "huyu mbwa hana kosa. Lakini mimi siwezi kuosha mbao kila siku. Alhamisi Maganga analeta mzigo. Ataondoka naye."

Nilipasuka. Sijui niseme nini kingine. Nilisema kwamba aliyeondoa wezi ni nani, ni ustadhi? Nilisema mengine ambayo siyaandiki.

"Akiondoka na mimi naondoka!"

"Unakwenda wapi?"

"Igalula, kwa mama!"

"Kwa miguu?"

"Kwa treni!"

"Tiketi?"

"Nitamng'ata huyo wa tiketi!"

"Fundi," akasema Hamisi, "huyu naye tumtafutie mnyororo."

Nikakimbia kwa bibi, maana huko nilijua nina mtu wangu. Nilimkuta anachambua mchele. "Bibi, mwambie babu! Wewe si ndiye unayempenda? Wewe si unamwoshea mara saba?"

Bibi alinitazama. Kisha ungo ukaanza kutikisika, akacheka hadi machozi, akashindwa hata kuzuia mchele. "Mke mwenzangu," alisema akipata pumzi, "utaniua. Ile ni najisi, mwanangu. Mate yake yakigusa chombo, sheria ndiyo hiyo. Ningekuwa nampenda ningeosha mara moja nikaishia hapo." Akanieleza vizuri, taratibu, kwamba si chuki, mbwa ni kiumbe cha Mungu, kumpa maji ni thawabu, ila kila kiumbe na mahali pake. Mimi sikusikia nusu ya hayo. Nilisikia tu kwamba Hawachoki hana mtu humu ndani ila mimi.

Nikarudi karakana nikasimama mbele ya babu. Sikulia. Nikamwambia, "Akiwa na pake je?"

Babu akakamua upindo wa shati lake. "Akiwa na pake pa kulala," akasema, "na akalala hapo kwa hiari yake, bila kufungwa kamba, mbao zangu akaziacha, basi abaki. Nakupa mpaka Alhamisi. Lakini kitanda utajua mwenyewe. Mimi vya binadamu sijavimaliza."

Siku tatu. Nilianza palepale, babu alipokwenda kuswali alasiri. Kitanda ni cheo, si ndiyo? Na mlinzi ni cheo. Nikamsimamisha Hawachoki nikampima kwa shubiri, toka pua mpaka ncha ya mkia, anajinyonganyonga ananilamba shingo. Shubiri nane. Upana nikakadiria tano, mtu apate kugeuka. Nikampelekea Hamisi, kwa sababu msumeno nilikatazwa.

"Nane kwa tano," nikasema kifundi.

"Mkia nao unalala?" akauliza Hamisi.

"Kila kitu kinalala! Kata!"

Akakata. Alichukua mabanzi, yale maganda ya magogo yanayotupwa, akapima shubiri nane, tano, akagonga misumari, akiimba. Kiganja cha Hamisi kilikuwa jembe. Changu kilikuwa jani la mchicha. Mpaka leo sijui kama alikosea au alifanya kusudi, na nikimuuliza anaapa huku anacheka. Babu aliporudi toka msikitini alikuta katikati ya karakana yake kuna kitanda kizima kimelala chini. Akatoa futi yake, akapima, akaivuta tena taratibu.

"Nne kwa sita," akasema. "Cha nani?"

"Cha Hawachoki."

"Anaoa?"

Hamisi ilibidi atoke nje. Nami nikasema mcheke tu, mtaona, nikamwita Hawachoki akaja, maana alikuwa akiniheshimu. Akaingia kwenye kile kitanda. Akanusa kona moja, akanusa nyingine, akatembea kati kama mtu aliyeingia nyumba siyo na anatafuta namna ya kuaga. Akatoka. Akaenda kwenye maranda chini ya benchi, akachimba, akazunguka, akajikunja, akaegemeza mgongo kwenye mguu wa benchi, akashusha pumzi ndefu. Babu akanyanyua mguu mmoja akaendelea na kazi.

Jioni ile nilikaa nikamtazama. Nikaelewa kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. Mbwa hataki uwanja. Anataka kitu kimguse mgongoni. Kikubwa mno kwake ni sawa na nje. Kwa hiyo cheo si neno. Neno ni kipimo. Nikaamua kesho alfajiri nitampima akiwa amelala, ndipo nipate kipimo cha haki.

Jumanne kabla jua halijatoka nilikuwa nimepiga magoti kwenye maranda, nina kamba ya katani mkononi. Baridi ya asubuhi ilikuwa imemkunja Hawachoki akawa duara, pua chini ya mkia. Nikapitisha kamba polepole toka mgongoni mpaka magotini, nikafunga fundo. Nikaipitisha upande wa pili, fundo la pili. Bibi alikuwa anatoka na birika lake la udhu.

"We!" Birika likaanguka. "Mke mwenzangu! Unafanya nini hapo?"

"Nampima."

"Astaghfirullahi! Kalala?"

"Ndiyo, kalala, nataka nijue..."

Alikuja akaninyanyua kwa bega. Sijawahi kumwona bibi vile. "Aliyelala hapimwi! Hapimwi, unanisikia? Anayepimwa amelala ni mmoja tu, na huyo haamki. Wanakuja na kijiti, wanampima kichwa mpaka miguu, wanakwenda nacho kwa wachimbaji. Hukuona mwaka jana jirani yetu? Hata babu yako miaka yote hii na vitanda vyake, ulishamwona anapima mtu kamlaza?"

Nikafikiri. Kweli, sijawahi. Ndiyo maana watu walikuwa wanasema tu tano kwa sita.

Asubuhi ile Hawachoki hakula. Nilimwekea ugali na mchuzi wa dagaa, akautazama akageuza uso. Saa nne bado amelala. Saa sita tumbo limevimba, macho yamelegea, anahema. Mimi shule sikwenda. Nilikaa naye kwenye vumbi huku nimeishika ile kamba yenye mafundo mawili, nikajua kwamba nimemuua. Kipimo chake kipo mkononi mwangu, na huko chini ya ardhi mtu ameanza kuchimba. Nyie mnacheka sasa. Mimi sikuwa na wa kumwambia, maana ningesemaje, babu, nimemuitia mbwa kifo?

Nilichofanya ni kufungua mafundo. La kwanza lilifunguka kwa kucha. La pili lilikaza, nililifungua kwa meno, fizi zikatoka damu, huku nasema kila dua niliyofundishwa, hata ya kuingia chooni. Nikainyoosha kamba ikawa haina kipimo cha mtu yeyote. Nikaitupa kwenye shimo la taka.

Alasiri Hawachoki akaamka, akajikung'uta, akatapika, akala ugali wote. Baadaye sana, nimeshakuwa mkubwa, Hamisi alikiri kwamba usiku wa Jumatatu alitoka kwenye shughuli ya harusi akamletea utumbo wa mbuzi, ndoo nzima, mbwa akala mpaka akashindwa kusimama. Lakini mimi siku ile nilijua niliyojua. Nilimkumbatia nikamwapia kwamba simpimi tena akiwa amelala, hata mbingu ianguke.

Sasa tazama nilipokwama. Nikimpima amesimama, kinatoka kitanda cha bwana harusi. Amelala hapimwi. Na Alhamisi ni keshokutwa.

Jumatano mchana babu alikwenda kuswali adhuhuri, na mimi nilikuwa nafagia huku natukana chinichini. Nikafika chini ya benchi. Hawachoki alikuwa pale, kwa sababu mbao zilikuwa bado zimeanikwa juani, hana pa kupandia. Nikamgusa na fagio, akanyanyuka akaenda kunywa maji. Nikainama nifagie.

Alikuwa amejiacha pale pale.

Maranda yalikuwa yamebonyea umbo lake lote. Palikuwa na bakuli la mviringo, la asubuhi, alipojikunja na baridi. Na juu yake, limeanzia humohumo na kutoka kwa upande mmoja, palikuwa na umbo jingine, refu, la sasa hivi, alipojinyoosha na joto: kichwa hapa, nyonga pale imezama sana, miguu imesukuma maranda mbele ikaacha kingo. Kumbe mbwa ana vitanda viwili, cha baridi na cha joto, na vyote anavilalia mahali pamoja. Mimi nilikuwa nimepima kimoja tu.

Hamisi akawa anakuja na ubao begani. "Usikanyage!" nilimpigia kelele mpaka akagonga kichwa kwenye kenchi ya paa. "Ukikanyaga hapo tutajuana!"

"Nini, nyoka?"

"Rudi nyuma!"

Nikachukua futi ya babu. Ile niliyokatazwa. Niliivuta kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikalala kifudifudi pembeni nisiharibu kitu, nikapima lile bonde. Urefu wa joto futi tatu kasoro vidole viwili. Upana, na miguu ikiwa imenyooshwa, futi mbili. Bakuli la baridi lilienea ndani yake, kwenye kona ya nyuma. Nilikuwa naandika kwa mkaa kwenye banzi kivuli kiliponiangukia.

Babu.

"Mke wangu," akasema. "Unampima nani na futi yangu?"

"Simpimi mtu, babu." Nilikuwa tayari kupigwa. "Yeye ameshaamka. Napima alipotoka."

Nilisikia Hamisi ameacha kugonga. Babu akavua kofia yake, akachuchumaa, magoti yakalia, akaliangalia lile umbo kwa muda mrefu kama anavyoangalia gogo kabla hajaamua pa kulipasulia. Kisha akanyoosha kidole, bila kugusa.

"Hapa anaegemea," akasema. "Nyuma weka ubao wa kusimama. Mbele je?"

Nikatazama. Mbele, kwenye kidevu, maranda yalikuwa yamelala bapa. "Mbele wazi," nikasema. "Anaweka kidevu nje atazame geti."

Babu akasimama, akavaa kofia. "Msumeno ule mdogo ndio mwepesi," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Nilikikata kile kitanda cha bwana harusi mwenyewe. Msumeno uliniruka mara mbili, kovu moja ninalo hapa kidoleni na simwonyeshi mtu bure. Hamisi alitaka kunisaidia nikamfukuza. Nikaweka ubao nyuma, pembeni nusu, mbele wazi. Nikachukua gunia, nikajaza maranda, lakini sio mapya. Nilizoa yaleyale ya chini ya benchi, ya kwake, yenye manyoya na harufu yake. Nikakiweka ukutani, mbali na mbao, anapoliona geti na anapomwona babu. Hawachoki akaja akanusa. Akatia mguu mmoja. Akautoa, akaenda zake, jua lilikuwa linazama na kazi yake ndio inaanza.

Asubuhi ya Alhamisi gunia lilikuwa vilevile nilivyoliacha. Hakuna alama hata moja.

Lori lilifika saa tatu. Hawachoki alivyomwona Mzee Maganga! Aliruka mpaka kifuani kwake, akalia kama mtoto, akamzunguka, akamlamba mikono ya asali. Mimi nilisimama nyuma ya mlango nimeng'ata upindo wa kanga. Kumbe ana kwao. Kumbe ana mtu.

Wakashusha mbao. Wakanywa chai. Babu akamweleza Mzee Maganga yote, habari ya mbao na ustadhi, na makubaliano yetu. Mzee Maganga akasikiliza, akatoa kamba mfukoni. Jua lilikuwa limeshapanda, bati linalia.

"Haya, askari wangu," akamwambia mbwa. "Twende ukawasikie wale majirani wenyewe."

Nikafungua mdomo nimwite Hawachoki aje kitandani. Babu alininyooshea kidole kimoja tu. Nikafunga.

"Mwache, binti," Mzee Maganga akaniambia, na sauti yake ilikuwa nzuri. "Sisi mzinga tunautundika juu ya mti, tunashuka, tunakwenda nyumbani. Huwezi kuwashika nyuki mkono. Wataingia au hawataingia."

Hawachoki akatazama kamba. Akamfuata Mzee Maganga hatua tano, sita, mpaka usawa wa ukuta. Pale akasimama. Akageuza kichwa. Akaenda kwenye kitanda, akapanda na miguu yote minne, akakwaruza gunia, akazunguka mara moja, ya pili, ya tatu, akajiangusha mgongo umegonga ubao wa nyuma, pu! Akasukuma miguu mbele mpaka kucha zikafika ukingoni na zisipite. Akatoa kidevu nje. Akashusha pumzi ile ndefu.

Mzee Maganga alimwita jina mara mbili. Lile sikio zima lilicheza kidogo, basi.

"Miaka minne nimekaa naye," akasema, anaikunja kamba kiganjani. "Sikuwahi kufikiria anataka nini. Mzee mwenzangu, mzinga wenye nyuki haushushwi. Baki naye."

Mimi sikushangilia. Niliketi chini pale pale, na babu akapita mbele yangu akaenda kwenye benchi lake na kusimama, kwa mara ya kwanza tangu mbwa aje, kwa miguu yote miwili. Akachukua randa, akaipuliza. Nyuma Hamisi alikuwa ameshaanza kugonga misumari ya vitanda vya madrasa, kwa nguvu zake zote kama kawaida yake, paa linatikisika. Hawachoki alikuwa tayari anaota, miguu inakimbia kidogokidogo ndani ya zile futi mbili.

"We Hamisi," akasema babu, bila kugeuka. "Gonga polepole. Kuna mtu amelala."